Kambarage wa Butiama: Mtu Binafsi na Kaida za Jamii katika Maisha ya Julius Nyerere

Mengi yameandikwa kuhusu Julius Kambarage Nyerere kama mpigania uhuru, rais na mwananadharia wa ujamaa. Katika maandishi hayo Butiama huonekana mwanzoni, kama mahali alipozaliwa, na mwishoni, kama mahali alipozikwa. Baina ya hapo husahaulika. Ufupisho huo unaficha jambo la msingi. Kabla hajawa mtu wa taifa zima, Nyerere alipita katika mikono ya jumuiya kadhaa ndogo, kila moja ikiwa na kaida zake na kila moja ikimtaka afanane na wenziwe: ukoo, rika, shule, misheni, na hatimaye chama. Namna alivyozipokea kaida hizo, alivyozichelewesha, na mara chache alivyozikataa, inaeleza sehemu kubwa ya siasa yake ya baadaye. Inaeleza pia upande mgumu zaidi wa siasa hiyo, yaani kipindi ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyewataka wengine wafanane.

Jina, meno na mahari

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, katika nchi ya Wazanaki ambayo leo imo katika Mkoa wa Mara. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu tangu 1915, alipoteuliwa na Wajerumani. Waingereza walipokuja walimwacha katika cheo hicho. Uchifu wenyewe ulikuwa mgeni. Kabla ya ukoloni Wazanaki hawakuwa na mtawala mmoja, bali mamlaka yaligawanyika kati ya wazee wa koo, marika, waaguzi na wajuzi wa mvua. Kwa hiyo mwana wa chifu alizaliwa ndani ya kaida mbili kwa wakati mmoja: moja ya kale iliyomhesabu kuwa sawa na kila kijana wa rika lake, na moja mpya iliyomtenga kidogo kwa sababu ya baba yake. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa Burito.

Katika jamii ya aina hiyo nafsi ya mtoto haikuachwa ijitafutie sura. Ilipewa. Inasimuliwa kwamba kwanza aliitwa Mugendi, yaani mwenda kwa miguu, lakini punde jina hilo likabadilishwa kwa ushauri wa omugabhu, mwaguzi wa Kizanaki, naye akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alipokua alitahiriwa kama wavulana wenzake, na meno yake ya mbele ya juu yakachongwa yakawa na ncha, kama ilivyokuwa desturi. Alama hiyo ya pili ina uzito wa pekee, kwa kuwa haikuweza kufutwa. Mtu anaweza kubadili jina, dini, lugha na mavazi. Jino lililochongwa halirudi. Miaka mingi baadaye, Kambarage alipokuwa akizungumza na mabalozi na marais wa nchi za mbali, kila alipotabasamu alionyesha, apende asipende, kwamba alikuwa kijana wa Kizanaki aliyekubaliwa na rika lake.

Kaida nyingine iliyomgusa mapema ilihusu ndoa. Katikati ya miaka ya 1930, yeye akiwa kijana mdogo, Burito alimchagulia mchumba na mahari ikatolewa. Binti aliyechaguliwa, Magori Watiha, alikuwa bado mtoto mdogo sana. Kwa mtazamo wa Wazanaki wa wakati huo hapakuwa na ajabu yoyote. Ndoa ilikuwa makubaliano ya koo mbili kabla ya kuwa jambo la watu wawili, na baba aliyemwozesha mwanawe alikuwa ametimiza wajibu wake. Kambarage hakupinga. Lakini ndoa hiyo haikukamilika, na jinsi ilivyofifia bila mgogoro wa hadharani inaonyesha tabia ambayo itajitokeza tena na tena katika maisha yake, yaani kuitikia jumuiya kwa heshima huku uamuzi wa mwisho ukisubiri.

Kutoka bao la Butiama hadi Mwisenge

Hadi alipofika umri wa miaka 12 alichunga mifugo ya baba yake. Kupelekwa kwake shule kunaelezwa katika masimulizi ya Mara kuwa kulianzia kwenye mchezo wa bao. Chifu Makongoro wa Ikizu, jirani wa upande ambao leo ni Wilaya ya Bunda, alikuwa akifika Butiama kumtembelea Burito, na aliposhindana na kijana huyo katika bao aliitambua akili yake, akamshauri baba ampeleke shule. Hata kama simulizi imepambwa kwa kupita midomo mingi, mantiki yake ni ya kweli. Katika nchi ile mtoto hakujichagulia shule. Ilihitajika sauti ya mkubwa mmoja kumshawishi mkubwa mwingine. Hivyo hata njia iliyokuja kumtoa Kambarage katika kaida za Butiama ilifunguliwa kwa kufuata kaida hizo hizo.

Mwaka 1934 aliingia Shule ya Mwisenge, mjini Musoma, umbali wa kilomita zipatazo 42 kutoka nyumbani. Ilikuwa shule ya bweni, na masomo yalitolewa kwa Kiswahili, lugha ambayo ilimbidi ajifunze hapo hapo. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika maelezo mengi ya maisha yake. Mtu ambaye baadaye alikifanya Kiswahili kuwa lugha ya siasa ya taifa, na aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, hakukirithi Kiswahili kutoka kwa mama. Kwake kilikuwa kaida ya shule, sharti la kuhesabiwa miongoni mwa wanafunzi waliotoka makabila mbalimbali ya wilaya. Wengine waliokutana na sharti kama hilo walikuja kuionea haya lugha ya nyumbani. Kambarage alizibeba zote mbili, na pale Musoma mji mdogo wa kikoloni ulimpa kwa mara ya kwanza kitu ambacho Butiama haikuwa nacho: jumuiya ya watu wasio ndugu.

Aliruka hatua za masomo na mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali ya Tabora, iliyokuwa imeanzishwa kwa ajili ya wana wa machifu na ambayo kwa nidhamu yake iliiga shule za matajiri wa Uingereza.

Nyegina: dini inayosubiri

Akiwa Mwisenge alivutwa na rafiki mmoja kwenye mafundisho ya dini ya Kikatoliki, na uhusiano wake na misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, uliendelea alipokuwa Tabora. Hata hivyo hakubatizwa kwa muda mrefu. Burito alifariki mwaka 1942. Kambarage alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akachukua jina la Julius. Mfuatano wa miaka hiyo unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa mwana wa chifu mwenye wake 22, kubatizwa hakukuwa tendo la moyo tu. Kulimaanisha kuapa hadharani kwamba hataishi kama baba yake alivyoishi, na kwamba hataoa kwa namna aliyokuwa amepangiwa. Kufanya hivyo baba akiwa hai kungekuwa tusi. Wapo watakaoona katika kusubiri huko udhaifu wa imani. Ni haki zaidi kuona humo kijana anayejua gharama ya kuiaibisha jamii yake na anayetafuta saa ambayo gharama hiyo itakuwa ndogo.

Jina jipya halikulifukuza la zamani. Hakuacha kuwa Kambarage, na kwa maisha yake yote jina la mtakatifu wa Roma na la mzimu wa mvua wa Uzanaki yaliandikwa bega kwa bega. Wazungu wa misheni wangeweza kuuliza, na wazee wa Butiama pia, ni lipi lililo la kweli. Hakuna ushahidi kwamba swali hilo lilimsumbua mwenyewe.

Insha kuhusu mama

Mwaka 1943 aliingia Makerere, na huko mwaka uliofuata akaandika insha ambayo ni ufunguo wa yote yaliyotangulia. Akiwa amesoma maandishi ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuhusu utiifu wa wanawake, aliyatumia kuipima jamii yake mwenyewe. Insha hiyo ilikuja kuchapishwa mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo chake, kwa jina la Uhuru wa Wanawake. Humo kijana wa miaka 22 anathubutu kusema jambo ambalo jumuiya iliyomchonga meno haikumfundisha kusema: kwamba upatanifu wa maisha ya kijadi ulibebwa na migongo ya watu ambao hawakuulizwa kama wanaukubali. Mawazo hayo hayakutoka Uingereza peke yake. Mill alimpa msamiati. Kisa chenyewe alikuwa amekiona katika nyumba ya mke wa tano.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Ukosoaji wa aina hiyo ungeweza kumgeuza kijana msomi kuwa mgeni kwao, kama ilivyowapata wengi wa kizazi chake waliorudi vijijini na suti na dharau. Nyerere alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi Oktoba 1952 na shahada ya uzamili. Butiama ilitarajia mtu mkubwa. Badala yake walimwona akikanyaga udongo na kujenga nyumba kwa mikono yake, kazi ambayo kwa fikra za wakati huo haikumfaa mtu aliyetoka Ulaya. Kaida iliyovunjwa safari hii haikuwa ya wazee bali ya wasomi.

Nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya ndoa. Tarehe 24 Januari 1953 alimwoa kanisani Maria Gabriel, mwalimu aliyekuwa amefundisha Nyegina, binti wa Kisimbiti kutoka Baraki, upande wa Tarime. Alimwoa mwanamke msomi, wa kabila jingine, aliyemchagua mwenyewe, na hakuoa wa pili. Insha ya 1944 ilikuwa imepata mwili. Zaidi ya hayo, ilikuwa imepata mwili Butiama, si mbali na huko, mbele ya ndugu wa baba yake na mbele ya chifu mpya, Edward Wanzagi, ndugu yake kwa baba.

Miaka miwili baadaye alirudi tena, safari hii bila kazi. TANU ilikuwa imeanzishwa Julai 1954, naye Machi 1955 alikuwa amezungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporejea alitakiwa kuchagua kati ya ualimu katika shule ya Pugu na siasa, akajiuzulu ualimu. Kwa miezi kadhaa aliishi kwao, akipata kipato kwa kumfundisha Kizanaki padri mmoja wa shirika la Maryknoll na kwa kutafsiri maandiko ya dini katika lugha hiyo. Mwanasiasa aliyetaka kuiunganisha Tanganyika nzima alikula, kwa muda, kwa lugha ya mama yake.

Jumuiya kubwa

Mtu aliyekuzwa hivyo alitazamiwa awe mlinzi wa wachache, na mwanzoni alikuwa hivyo. Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, wabunge wengi wa chama chake walitaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere aliwapinga kwa ukali usio wa kawaida yake, akaweka bayana kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Alikuwa mmoja dhidi ya hisia za wengi, na alishinda.

Lakini taifa nalo ni jumuiya, na jumuiya changa huogopa tofauti kuliko ile kongwe. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipitishwa mwaka 1962. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria, na ndugu yake Wanzagi akapoteza cheo pamoja na machifu wote. Hapa angalau hakuna awezaye kumshutumu kwa upendeleo. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, karibu 400 walirudishwa makwao, na rais akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 siku hiyo hiyo. Tendo hili la pili limesifiwa sana na linastahili sifa. Halifuti la kwanza.

Mabadiliko hayo yanaonekana pia katika maandishi yake. Katika kijitabu cha 1962 kuhusu ujamaa, familia ya kijadi ya Kiafrika inaelezwa kuwa mahali ambapo kila mtu alifanya kazi na hakuna aliyenyonywa. Msomaji wa insha ya 1944 anabaki akimtafuta mke wa tano katika picha hiyo, naye karibu haonekani. Mwandishi aliyekuwa ameuona mzigo wa mama yake sasa alihitaji jamii ya zamani isiyo na doa ili taifa liwe na mahali pa kurudi. Ni kwa heshima yake kwamba mwaka 1967, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, alimrudisha: alikiri waziwazi kwamba hali ya wanawake ilikuwa kasoro ya jamii ya jadi. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa akitafsiri Juliasi Kaizari, tamthilia inayomhusu mtu mwema anayemuua rafiki yake kwa ajili ya jamhuri. Si lazima kuvuta uhusiano mbali sana, lakini si rahisi kuamini kwamba mtafsiri aliyeitwa Julius hakuuona.

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa vijiji. Mwaka 1968 Nyerere alikuwa ameandika kwamba watu hawawezi kuendelezwa kwa nguvu. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kabla ya mwisho wa 1976 kila Mtanzania wa mashambani awe ameingia kijijini. Katika Mkoa wa Mara operesheni ilitekelezwa 1974. Watu wa Musoma vijijini, wa Bunda na wa Uzanaki waliishi katika miji iliyotawanyika, kila mji na zizi lake, nafasi ya malisho ikiwa baina ya jirani na jirani. Nafasi hiyo haikuwa ukosefu wa mpango. Ilikuwa ndiyo njia ya mtu kuwa mwanajumuiya bila kukaliwa na jumuiya: alifika kwenye ngoma ya rika, kwenye matanga na kwenye mvua, kisha akarudi kwake. Nyumba zilizopangwa kwa mstari kando ya barabara ziliondoa umbali huo. Wengi walihama kwa hiari au kwa kukata tamaa. Katika sehemu mbalimbali za nchi wengine walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao kubomolewa au kuchomwa. Kufikia 1977 ilihesabiwa kwamba zaidi ya watu milioni 13 waliishi katika vijiji. Faida zilikuwepo, hasa shule na zahanati, na wajukuu wa waliohamishwa wamezitumia. Ila kijana aliyepewa muda wa kusubiri, ambaye jamii yake ilimvumilia akachelewesha ndoa na dini hadi saa yake ilipofika, hakuwapa wakulima wa nchi yake muda wa namna hiyo.

Asilimia ishirini

Aliacha urais Novemba 1985 akarudi Butiama, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa CCM. Alilima, alisali, alitunga. Kazi kubwa ya miaka hiyo ilikuwa kuziweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zilizotoka mwaka 1996. Ni kazi inayostahili kusomwa pamoja na tafsiri za Kizanaki za 1955: mtu yule yule, mada ile ile, kilomita chache kutoka hapo hapo, akiwa amehama kutoka lugha ya ukoo hadi lugha aliyojifunza Mwisenge.

Tendo la mwisho la kisiasa linalohusu mada hii lilitokea katika kipindi hicho. Mwaka 1990 yeye, mwasisi wa mfumo wa chama kimoja, alisema kwamba si dhambi kuujadili. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991 na kukuta kwamba kiasi cha asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kwa kipimo cha wingi, ambacho chama kilikuwa kimekitumia kwa miaka 26, suala lilikuwa limekwisha. Nyerere alisimama upande wa asilimia ishirini na ushei waliobaki. Aliona kwamba wachache wa kiasi hicho hawawezi kupuuzwa, na uzito wa jina lake uliwasaidia viongozi wa chama kukubali. Vyama vingi vikaruhusiwa kisheria mwaka 1992. Wapinzani wake wa zamani, baadhi yao waliopata kuishi kizuizini au uhamishoni, walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini hesabu hiyo haikufanywa 1965. Swali hilo hakulijibu kwa namna ya kuwaridhisha.

Mugaya alifariki mwaka 1997, akiwa mkongwe wa zaidi ya miaka mia moja. Mwanawe alimfuata tarehe 14 Oktoba 1999, katika hospitali moja ya London, kwa saratani ya damu. Mwili ulisafirishwa kutoka Dar es Salaam hadi Musoma, kisha ukapita njia ile ya kilomita 42 aliyoipita akienda shule, ukielekea upande wa nyumbani. Alizikwa tarehe 23 Oktoba kwa ibada ya Kikatoliki, mahali paitwapo Mwitongo, karibu na makaburi ya mama yake na ya chifu Burito.